Vyura Nyuma ya Nyumba: Tuwatendeeje?

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote, vya nchi kavu, vya majini, na vile vinavyoishi huku na huku. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake. Amma baad.



Maneno haya niliyatoa kwanza katika darsa yetu ya Alhamisi, na wahariri wakaniomba niyaandike. Nilisita, kwa sababu aliyekosea katika kisa hiki ni mimi mwenyewe, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwaswalisha wenzangu nyumbani. Lakini kosa lenyewe nililifanya mbele ya watu, basi na kulikiri niache kuwe mbele ya watu.

Tunapanga nyumba sisi wanafunzi sita katika Zone Industrielle, hapa Bujumbura. Wanaoijua sehemu hiyo wanajua kelele zake: malori, majenereta, mageti ya chuma. Nyuma ya nyumba kuna kipande cha ardhi kati ya ukuta wa ghala na mtaro. Tumepanda lengalenga, matembele na migomba mitatu. Pembeni kuna shimo lililoachwa na watu waliochimba udongo zamani. Mvua za Aprili zikija, maji ya paa la ghala humwagika yote kwetu, na lile shimo huwa kidimbwi. Ndipo vyura wanapokuja. Chura, au igikere kama tunavyomwita kwa Kirundi, hahitaji mwaliko. Akisikia maji amefika. Usiku wanaimba mpaka mtu asome ukurasa mmoja mara tatu.

Kelele tungezivumilia. Tatizo lilianza pale mwenzetu mmoja alipopatwa na homa. Asubuhi mbili mfululizo, kwenye kizingiti cha chumba chake, akakutwa chura mkubwa mwenye vipele, ametulia kama mtu anayesubiri kuitwa. Asubuhi ya pili mmoja wetu akasema lile neno: "Huyu ametumwa." Jirani yetu ni mama mtu mzima anayeuza ndagala, na wiki moja kabla tulikuwa tumegombana naye kuhusu bomba la maji. Hakuna aliyelitaja jina lake. Kila mmoja aligeuza tu macho kuelekea ukuta wake, na hiyo ilitosha.

Mimi niliyeshika kitabu cha hadithi kila jioni sikusema kitu. Nilikwenda dukani nikanunua kilo mbili za chumvi na chupa ya javeli. Baada ya Isha nikamwaga chumvi milangoni na kandokando ya kidimbwi, na javeli nikaimimina ndani ya maji. Nilijiona nimelinda nyumba.

Alfajiri nilitoka kuchukua udhu nikawaona. Chura hanywi kwa kinywa. Huyavuta maji kwa ngozi yake, na sehemu ya pumzi yake hupita kwenye ngozi hiyohiyo. Kwa hiyo kilichogusa ngozi kimemwingia mwilini. Wengine walikuwa wamekwisha kufa. Wengine walikuwa bado wanafungua na kufunga midomo. Viluwiluwi walielea juu ya maji kama majani ya chai.

Zamu wa ghala, mzee mmoja wa Buyenzi ambaye husali nasi Alfajiri, alikuja akasimama karibu yangu. Akauliza, "Mwanangu, hawa wamewakosea nini?" Nikamweleza habari ya homa na ya chura wa mlangoni. Akauliza tena, "Umemwona nani akiwatuma?" Sikuwa na jibu. Hakuniambia zaidi, akaenda kuchukua jembe tuwafukie.

Siku hiyohiyo mgonjwa alipelekwa kituo cha afya. Kipimo cha damu kikaonyesha malaria. Akapewa dawa, na baada ya siku chache alikuwa uwanjani anacheza mpira.

Sasa, ndugu zangu, tuyapime mambo haya kwa mizani ya dini yetu.

Kwanza huyo chura. Wengi wetu hatujui kwamba ana hadithi yake mahususi. Imepokewa na Abu Dawud, an-Nasai na Imam Ahmad kutoka kwa Abdurrahman bin Uthman (R.A.) kwamba tabibu mmoja alimuuliza Mtume (S.A.W.) juu ya kumtumia chura katika dawa, na Mtume akakataza kumuua. Tazameni aliyeuliza ni nani. Hakuwa mtoto anayerusha mawe, wala mwanafunzi aliyekosa usingizi. Alikuwa tabibu, mwenye haja inayoeleweka, na bado akakatazwa. Mimi sikuwa na haja yoyote zaidi ya hofu. Kutokana na katazo hili wanazuoni wa madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wetu tunayafuata, wamesema kumla chura pia haifai, kwa kuwa kisichoruhusiwa kuuawa hakichinjwi. Wamaliki wana maneno mengine juu ya kumla, na hiyo ni mada ya siku nyingine.

Kwa wanaosomea udaktari nitaongeza jambo dogo lililonivutia. Kuanzia miaka ya 1930 mpaka miaka ya 1960 hivi, hospitali nyingi za Ulaya na Marekani zilikuwa zikipima mimba kwa kutumia chura wa Afrika Kusini. Alidungwa mkojo wa mwanamke. Akitaga mayai kabla siku haijaisha, mwanamke yule ana mimba. Kisha chura alirudishwa kwenye maji yake, akangoja kipimo kingine. Sisemi kwamba jambo hilo ni hoja ya kisharia. Nasema tu kwamba tiba imewahi kufaidika na chura bila kumuua.

Katika darsa ndugu mmoja alinipinga kwa nguvu, na ninamshukuru. Alisema: je, si Allah mwenyewe aliyewatuma vyura kuwa adhabu? Alikusudia Suratul Aaraf, aya ya 133, panapotajwa tufani, nzige, chawa, vyura na damu vilivyoteremshwa kwa watu wa Firauni. Ni kweli. Lakini soma aya uone aliyelaumiwa ndani yake. Wanaolaumiwa ni watu waliotakabari. Chura alipewa amri akatii, Firauni akapewa amri akakataa. Mtu akiwaua vyura kwa sababu ya aya hiyo, amemwachia Firauni akamshika askari.

Utasikia pia kwamba sauti ya chura ni tasbihi. Maneno hayo yamepokewa kutoka kwa sahaba Abdullah bin Amr bin al-As (R.A.), na sahihi ni kuyahesabu kuwa kauli yake yeye, si kauli ya Mtume (S.A.W.), basi tusiyapandishe daraja. Hata hivyo Suratul Israa, aya ya 44, inatufundisha kwamba hakuna kitu ila kinamtakasa Allah, ingawa sisi hatufahamu. Tangu nilipoisoma tena aya hiyo baada ya tukio lile, kelele za usiku hazijapungua, ila nimeacha kuziita kelele.

Na jinsi nilivyoua ni kosa la pili juu ya la kwanza. Shaddad bin Aws (R.A.) amepokea, katika Sahih Muslim, kwamba Allah amefaradhisha wema katika kila jambo, hata mtu anapochinja anoe kisu na ampumzishe mnyama. Ikiwa mnyama halali wa kuliwa ana haki ya kisu kikali, vipi kiumbe aliyekatazwa kuuawa aachwe aungue kwa chumvi usiku kucha huku mimi nimelala? Tena mnakumbuka kisa alichosimulia Ibn Masud (R.A.), cha maswahaba waliochoma kichuguu cha sisimizi safarini. Mtume (S.A.W.) aliwakemea, akawaambia kwamba kuadhibu kwa moto ni kwa Mola wa moto peke yake. Sisimizi! Wadudu ambao mtu huwakanyaga mia bila kujua.

Hapo ningemaliza habari ya vyura, lakini wiki ileile nilipata swali kutoka kwa rafiki yetu anayesoma Ubelgiji. Kwenye bustani ya nyumba anayopanga kuna bwawa dogo, na masika ya huko yalipofika alikuta ndani yake wanyama wenye umbo la mjusi, laini, wana mkia bapa, wanaogelea. Wabelgiji wanamwita tritoni. Rafiki yangu akakumbuka hadithi ya wazagh, yule tunayemwita mjusi kafiri, ambaye imesihi katika Bukhari na Muslim kutoka kwa Ummu Sharik (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) aliamrisha auawe. Akaniuliza: niwaue?

Mimi si mufti, na nilimwambia hivyo. Ila lile swali lilihitaji kwanza mtu amjue mnyama, kabla ya kumtafutia hukumu. Tritoni si mjusi. Hana magamba. Ngozi yake ni tupu na yenye unyevu kama ya chura, hutaga mayai majini, na watoto wake hupumua kwa mashavu kama samaki kabla ya kukua. Ni ndugu wa chura aliyebaki na mkia. Kwetu hayupo, kusini mwa Sahara hapatikani kabisa, na katika Afrika yuko Moroko, Algeria na Tunisia tu. Kumwita wazagh kwa sababu ya umbo ni sawa na kumwita popo ndege kwa sababu anaruka. Tukiondoa hilo, linabaki lile la asili: kiumbe asiyedhuru hauawi bila haja. Na aliye karibu naye zaidi kimaumbile ni yule yule aliyekatazwa kuuawa.

Tena huko aliko kuna ahadi ya pili. Tritoni mkubwa mwenye kishungi mgongoni amelindwa na sheria ya Umoja wa Ulaya tangu 1992, na Muislamu aliyeingia nchi ya watu kwa viza ameahidi kufuata sheria zao zisizomwasi Allah. Mwanzo wa Suratul Maida unatuamrisha kutimiza tunayojifunga nayo. Nikamwandikia basi yale niliyosoma: usiwashike, maana mkono mkavu unaharibu ngozi yao na wao wana utelezi wenye sumu kidogo, ukilazimika, lowesha mkono kwa maji ya bwawa lenyewe, kisha nawa kwa sabuni. Usiwahamishe kuwapeleka bwawa jingine, kwani katika Ubelgiji na Uholanzi kuna ukungu unaoua jamaa ya tritoni, nao husafiri na maji na viatu. Usitie samaki, watakula mayai. Acha mawe na magogo kandoni, kwa sababu sehemu kubwa ya mwaka tritoni hukaa nchi kavu chini ya vitu hivyo. Na ukitaka kusafisha bwawa, ngoja mwisho wa kiangazi, usafishe sehemu kwanza, si lote kwa siku moja. Akajibu kwamba mwenye nyumba alifurahi kuliko yeye.

Hali ya viumbe hawa duniani si nzuri. Tathmini kubwa iliyochapishwa mwaka 2023 ilikuta kwamba karibu aina mbili katika kila tano za jamii hii, vyura na ndugu zao, zimo hatarini kutoweka. Suratul Anam, aya ya 38, inawaita wanyama na ndege kuwa ni umma mfano wetu. Nyuma ya nyumba yetu niliangamiza kijiji kizima cha umma mmoja kwa bei ya chumvi.

Kuna na suala la fikihi ambalo wengi mtakutana nalo. Mnajua maji yanavyokatika mjini, kwa hiyo tunaweka akiba kwenye bidoni na pipa la chuma. Siku moja chura akakutwa anaogelea ndani ya pipa la udhu, na ndugu mmoja akataka tumwage yote. Tusimwage. Katika madhehebu ya Shafii kila mnyama aliye hai ni tohara isipokuwa mbwa na nguruwe. Mtoe taratibu, kwa kopo, na maji yako ni safi. Akifia ndani ni habari nyingine, kwani chura huhesabiwa miongoni mwa wenye damu inayotiririka, na mzoga wake ni najisi. Hapo unaangalia kiasi: yakifika kullatayni, ambayo wengi wanaikadiria kati ya lita 190 na 216, hayanajisiki mpaka yabadilike rangi, ladha au harufu. Pipa letu likijaa ni lita 200 hivi, na silikumbuki kujaa. Basi tukaliwekea kifuniko. Tukaweka na kijiti ndani, ili akiingia kabla ya kifuniko kurudishwa apate pa kupandia.

Nimezungumza sana juu ya vyura kwa sababu ni rahisi kuzungumza juu yao. Lililo zito ni yule mama.

Itikadi yetu haikanushi uchawi; umetajwa katika Suratul Baqara. Lakini dini ileile imemtaka mwenye kudai alete ushahidi, na imetuonya katika Suratul Hujurat tujiepushe na dhana nyingi na tuhakikishe habari kabla hatujawadhuru watu kwa ujinga tukajuta. Mtume (S.A.W.) amekanusha kisirani, na katika hadithi ya Ibn Masud iliyo kwa Abu Dawud na at-Tirmidhi ameiita imani hiyo ni shirki. Chura mlangoni, bundi juu ya paa, paka mweusi njiani: sisi tunaosoma sayansi mchana tunayaogopa hayo usiku. Chura alikuja mlangoni kwa sababu taa ya kizingiti ilikuwa haizimwi kwa ajili ya mgonjwa, na taa huvuta wadudu, na wadudu ndio chakula chake. Nilikwenda kuhakikisha nikiwa na tochi. Alikuwa pale, anakula kumbikumbi.

Na hatukusema neno, eti. Tuliangalia ukuta tu. Abu Huraira (R.A.) amepokea, katika Musnad Ahmad, habari ya mwanamke aliyetajwa kwa swala, saumu na sadaka nyingi, lakini akawa anawaudhi jirani zake kwa ulimi wake; Mtume (S.A.W.) akasema ni wa motoni. Sisi tuliudhi kwa macho. Mtoto wa jirani aliyekuja kuomba moto aliyaona macho yetu na akayasikia yaliyosemwa baadaye jikoni. Kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa na habari. Katika mji huu mnajua neno kama hilo linaweza kumfikisha wapi mwanamke anayeishi peke yake.

Wateja wake walipungua. Yeye akaacha kutusalimia, na akaacha kupita mbele ya geti letu. Akawa anazunguka upande wa ghala na beseni lake kichwani. Nilimwona wiki mbili akizunguka hivyo kabla sijapata ujasiri. Bukhari amepokea kwamba aliyemdhulumu nduguye katika heshima yake amtake radhi leo, kabla ya siku isiyokuwa na dinari wala dirhamu. Leo, si baada ya mitihani.

Tulikwenda wote sita baada ya Asri. Nilimwambia, "Mama, tumekukosea. Tulikudhania ubaya, na neno limetoka nyumbani kwetu." Alikuwa akianika ndagala, hakuacha kazi. Akauliza, "Na yule mtoto aliyeumwa amepona?" Mwenyewe akajitokeza, akaonyesha karatasi ya kituo cha afya. Mama akaiangalia, ingawa sidhani anasoma Kifaransa. Akasema, "Mungu asifiwe." Kisha akasema jambo ambalo sijajua nilijibuje: "Mmekuja kuniambia mimi. Na wale mliowaambia wao, nani atawaendea?"

Tumewaendea. Nyumba kwa nyumba, tangu mtaroni mpaka barabara ya malori, na yule mzee zamu akifuatana nasi kwa sababu watu wanamsikiliza yeye kuliko sisi. Wengine walicheka, wengine walisema walikuwa hawajasikia lolote, na pengine sisi ndio tuliowasikilizisha. Mama ameanza kujibu salamu. Bado anazunguka upande wa ghala.

Kwa hiyo nina ombi kwenu mnaoishi upande wetu, au mnaopita huko kwenda Ngagara na Buyenzi. Mkisikia mtu analirudia neno lile juu ya mama muuza ndagala, msinyamaze kama nilivyonyamaza. Mwambieni ilikuwa malaria. Akibisha, mleteni kwetu. Karatasi ya maabara ipo ndani ya msahafu wangu, na mgonjwa mwenyewe ameniruhusu kuionyesha.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.